Neno la mlangoni

Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama katika mkutano wetu wa mwezi, hapa Kampene. Msemaji ni mtumishi wa shirika moja linalosaidia vituo vya afya katika teritware ya Pangi. Alituachia karatasi yake, nasi tukaongeza machache aliyoyasema nje ya karatasi.

 

Mulinialika nije kuongea juu ya afya. Mama Katibu aliponipigia simu nilimuuliza: afya gani, mama? Malaria? Maji safi? Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Ile ingine." Nikaelewa. Simsemi kwa kumcheka. Mimi mwenyewe nilikuwa mbaya kumpita, nitawaeleza mbele. Lakini muone: hata mtu aliyenialika hakuweza kulitaja jambo lenyewe.

Basi leo tunaongea juu ya ile ingine. Magonjwa ya sehemu za siri, mambo ya kitandani yanayogoma, mimba isiyokuja, na yale ambayo baadhi yetu walifanyiwa barabarani wakati wa kukimbia. Magonjwa yenyewe sitayafundisha sana, mimi si munganga. Nitaongea juu ya namna ya kuyasema mbele ya munganga, maana hapo njo tunapopoteza muda, tunapoteza makuta, na mara nyingine tunapoteza mtoto.

Kazi yangu inanifanya nikae sana kwenye mabao ya vituo vya afya. Nimeona kitu kimoja kinarudia kila mahali. Papa anaingia, anasalimu, anakaa. Infirmie anamuuliza: "Papa, nini inaumiza?" Anasema kichwa, mwili mzito, usiku joto. Anatobolewa kidole, damu inapimwa malaria, fishi inaandikwa, kinini zinahesabiwa kwenye karatasi. Papa anasema aksanti, anasimama, anafika mlangoni, anashika mlango. Hapo anageuka. "Halafu, munganga, kuna kitu kingine kidogo."

Kile kitu kidogo njo kilichomtoa nyumbani saa kumi na moja ya asubuhi. Kichwa kilikuwa kisingizio. Lakini wakati huo infirmie ameshaita jina la mtu wa pili, mama na mtoto wake wameshaingia nusu, na papa anaona watu, anasema: "Hapana, si kitu, nitarudi." Harudi. Au anarudi baada ya miezi minne, wakati mke wake naye anaumwa.

Mimi ninaliita hilo neno la mlangoni. Mtu analibeba kutoka nyumbani, analipitisha mbele ya munganga bila kulifungua, kisha analitoa wakati ameshachelewa.

Na hata wale wanaoongea mbele ya meza, wengi wanaongea kwa mafumbo. Tuko na maneno yetu. Mama anasema "tumbo". Papa anasema "kiuno", au "mgongo", au "baridi". Kijana anasema "niko mlegevu". Siye kati yetu tunaelewana, tunajua tumbo gani linasemwa. Lakini munganga anatibu neno ulilompa. Ukimpa "tumbo", utapata dawa ya minyoo. Ukimpa "kiuno", utapata dawa ya maumivu. Ukimpa "mlegevu", utapata vitamini, na utalipa. Halafu unatembea Kampene nzima ukisema pale kituoni hawajui kazi. Fundi wa pikipiki ukimwambia tu "inalia vibaya" naye atafungua kila kitu, na kila kitu anachofungua ni pesa yako.

Sasa, juu ya nini tunaficha? Watu wa mashirika wanapenda kusema ni utamaduni. Mimi sikubali sana. Wazee wa Kilega walio hapa wanajua kwamba wakati wa bwali vijana hawakuachwa bila kufundishwa mambo ya mwili wao. Na shangazi alikuwa anamketisha msichana kabla ya ndoa, anamwambia wazi. Kila neno lilikuwa na mahali pake na mtu wake. Shida yetu siye tuliokimbia na kurudi ni kwamba ile mahali ilivunjika. Shangazi alibaki huko, au alikufa. Wengine walikulia Kindu, wengine Bukavu, wengine kambini Tanzania. Tukarudi, na mtu wa kuambiwa hayuko tena. Amebaki munganga peke yake, naye bado hatumhesabu kuwa ni wa kuambiwa.

Lakini kuna sababu nyingine, na hii ninaiheshimu, maana ni ya kweli. Mama mmoja aliniambia: "Mtoto wangu, nitamwambia nani? Infirmie wa pale ni shemeji yangu. Yule anayeandika majina ni mtoto wa dada yangu. Yule anayefagia tunasali naye kanisa moja." Huyo mama hakukosea. Hapa kwetu kituo cha afya ni kama uwanja wa nyumbani. Ukiingia na siri, unaona macho sita ya ndugu.

Kwa hiyo tuseme kwanza juu ya siri, maana bila hiyo mengine yote ni bure.

Infirmie, munganga, mtu wa labo, mkunga, wote wanafungwa na siri ya kazi. Hii si ahadi ya mdomo tu. Iko katika sheria ya makosa ya jinai ya Kongo, kitabu cha pili, kifungu cha 73: mtu aliyepewa siri kwa sababu ya kazi yake, akiitoa, anaweza kufungwa mwezi 1 mpaka miezi 6 na kulipa faini. Na juu ya virusi vya sida kuna sheria yake, ya tarehe 14 mwezi wa 7 mwaka 2008, inayolinda watu wanaoishi navyo. Najua munachowaza. Sheria haitembei yenyewe mpaka Kampene. Ni kweli. Ndiyo maana ninawapa na njia za miguu.

Hakuna anayekulazimisha kwenda kituo cha karibu na nyumba yako. Ukitaka, nenda kile cha aire ingine, au nenda moja kwa moja hospitali kuu. Utatembea zaidi, lakini shemeji hatakuwa pale. Unaweza kuomba mama infirmie kama wewe ni mama, au mwanaume kama wewe ni mwanaume. Wasipokuwa naye siku hiyo, uliza yuko siku gani. Unaweza kusema: "Naomba mlango ufungwe, na huyu anayesubiri atoke." Hilo ni ombi la kawaida, hakuna matusi ndani yake. Na kama maneno hayatoki mdomoni, andika. Mama mwingine alikata karatasi ya daftari, akaandika mistari miwili, akaikunja, akaiweka juu ya meza bila kusema kitu. Infirmie akasoma, akasimama, akafunga mlango mwenyewe. Ile karatasi ilifanya kazi kubwa kuliko hotuba yangu hii.

Infirmie akitoa siri yako, au akikugombeza, usirudi nyumbani kunung'unika na mito. Mwone infirmie titileri wa kituo. Ikiwa ni yeye mwenyewe, mwone munganga mkubwa wa zoni ya afya. Nenda na mtu wa kamati ya afya ukitaka. Tumeona watu wakiitwa na kuulizwa.

Kitu kingine ambacho watu hawakifikirii: infirmie naye anaona haya. Yule kijana ametoka shule juzi, ana miaka 24, mbele yake kuna mama wa umri wa mama yake. Unadhani atamuuliza kama anaumia wakati wa kulala na papa? Anaogopa kuonekana hana adabu. Anasubiri mama aanze. Mama anasubiri yeye aulize. Wote wawili wanaongea juu ya malaria. Sisi kwa upande wetu tunawafundisha ma-infirmie waulize, lakini mupashwe na nyinyi kuwafungulia.

Namna ya kufungua ni hii, na ninaomba muichukue kama ilivyo: "Munganga, mbele ya yote, nimekuja juu ya shida ya sehemu za siri." Ni sentensi moja tu, nayo iwe ya kwanza, kabla ya kichwa, kabla ya homa. Ukiisema hiyo, mengine yatavutwa na maswali yake.

Na maswali atakayouliza, jiandae nayo njiani. Ilianza lini. Kuna majimaji au usaha unaotoka, rangi gani, harufu gani. Kukojoa kunachoma? Kuna kidonda, na kile kidonda kinauma au hakiumi? Hili la kuuma nalikazia. Kidonda cha kaswende, yaani sifilisi, kwa kawaida hakiumi. Kinakaa wiki chache, kisha kinapona chenyewe hata bila dawa yoyote. Hapo mtu anasifu mzizi aliopewa, anampelekea mganga wa kienyeji kuku. Lakini ugonjwa haukutoka, umeingia ndani ya damu. Unaweza kurudi kwa vipele, unaweza kukaa kimya miaka mingi na kuharibu moyo na ubongo, na mama mwenye mimba anaweza kumpa mtoto tumboni. Mimba nyingine zinaharibika, watoto wengine wanazaliwa wamekufa. Na dawa yake ni ya zamani, ni shindano la penisilini. Ndiyo maana mama mwenye mimba anapopimwa damu siku ya kupima mimba, hapimwi sida tu. Asikatae.

Mama, atakuuliza mara ya mwisho uliona siku zako lini, na kama unaweza kuwa na mimba. Anauliza kwa sababu kuna dawa ambazo mtu mwenye mimba hapewi.

Atauliza pia: "Umelala na nani, na wangapi?" Hapa njo watu wanakasirika. Papa anaona ni kama anahukumiwa mbele ya pasta au sheki. Lakini swali lile ni la hesabu. Kisonono, ile watu wanaita sopisi, na klamidia, hazikai kwa mtu mmoja. Mwanamke anaweza kuwa nazo bila kusikia kitu chochote, zinapanda polepole, zinaziba mirija ya uzazi. Ukitibiwa wewe peke yako, unarudi nyumbani, unazipokea tena usiku. Ndiyo maana wanataka mje wote wawili, au upeleke dawa ya mwenzako, na musilale pamoja bila kapote mpaka siku 7 zipite baada ya dawa. Majina si lazima uyataje. Sema tu: tuko watatu.

Na atauliza umeshameza dawa gani. Semeni ukweli hapa, ninawaomba. Vijana wa machimboni, ninawaona pale nyuma. Kule kwenye shimo kuna mtu anauza kinini ndani ya kopo, za rangi mbili, ananunuliwa tatu tatu kama pipi. Unameza tatu, maumivu yanapungua, unarudi kuchimba. Vidudu vilivyobaki ni vile vyenye nguvu. Ukija baadaye kituoni ukanyamaza, munganga atakupa dawa ileile ambayo imeshashindwa. Beba karatasi ya dawa, beba hata kopo. Kama ulikunywa mizizi au ulijiosha kwa majani, sema pia. Hawezi kukufunga.

Sasa niseme yangu, maana niliahidi.

Nilipokuwa mwanafunzi Kindu, nilipata kuchoma wakati wa kukojoa. Nilijua nilikoitoa. Nilikwenda sokoni, nikanunua kapsule kwa mtu ambaye hata sura yake siikumbuki, nikameza siku tatu. Ikatulia. Nikashukuru Mungu, nikasahau. Miaka ikapita, nikapata diploma, nikapata kazi hii ya kufundisha watu juu ya afya, nikaoa. Mwaka wa kwanza hakuna mtoto. Mwaka wa pili hakuna. Familia yangu ikaanza kumtazama mke wangu. Munajua kutazama kwetu. Walimpeleka kwenye maombi, wakampa maji ya majani, mama yangu mdogo akamuuliza mbele ya watu kama aliwahi kutoa mimba. Mimi nilikuwa nimekaa pale.

Tukaenda kwa munganga. Aliuliza mke wangu maswali mengi, naye akajibu yote, hata yale ya aibu. Kisha akanigeukia: "Na papa, zamani uliwahi kuumwa sehemu za siri?" Nikasema hapana. Haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Mke wangu alikuwa ananitazama. Munganga akaandika kwamba mke aende kupimwa mirija, na kile kipimo kilikuwa mbali, kwa barabara na kwa makuta ambayo hatukuwa nayo. Usiku ule mke wangu akahesabu pesa za kirimba chake kitandani, ilikuwa zamu yake ya kupokea. Akahesabu mara mbili. Nikalala bila usingizi.

Asubuhi nilirudi kwa yule munganga peke yangu. Sikukaa hata kwenye kiti. Nilisema: "Jana nilidanganya." Hakunigombeza. Alivuta fishi, akafuta mstari, akaandika mwingine. Akasema tu: "Papa, mbegu zako zipimwe kwanza. Hiyo ingepashwa kuwa ya kwanza tangu jana." Maana katika ndoa zisizopata mtoto, karibu nusu kuna shida kwa upande wa mwanaume, peke yake au pamoja na ya mke. Mimi nilikuwa ninafundisha neno hilo kwenye semina. Nilikuwa na picha yake kwenye ukuta wa biro.

Kilichoonekana sitakisema hapa, maana ni siri ya watu wawili na mwenzangu hakunipa ruhusa. Nasema tu kwamba mke wangu hakupanda barabara. Na kumwambia yeye kulikuwa kugumu kuliko kumwambia munganga, mara kumi.

Papa wenye umri, neno moja kwenu, nalipitia haraka. Nguvu za kitandani zikipungua, msikimbilie chupa ya sokoni. Mara nyingine ni mawazo tu, au pombe. Mara nyingine ni alama ya kwanza ya ugonjwa wa sukari au tansio, kabla ya alama nyingine yoyote. Kuna na dawa za tansio zinazopunguza nguvu. Ukiona hivyo, mwambie munganga abadilishe, usiziache kimya kimya, utaanguka. Na zile dawa za nguvu zinazouzwa njiani, kwa mtu anayetumia dawa fulani za moyo, zinaweza kumuua.

Sasa tuangalie Kamituga. Wengi hapa muko na ndugu kule, vijana wetu wanakwenda na kurudi kufuata dhahabu. Mwaka 2023, mwezi wa 9, kule Kamituga walianza kuona mpox ya namna nyingine. Ugonjwa wenyewe si mgeni kwetu Kongo, mtu wa kwanza duniani kuonekana nao alikuwa mtoto wa huko Équateur, mwaka 1970. Lakini hii ya Kamituga ilikuwa inapita sana kwa kulala pamoja, kati ya wachimbaji na wanawake wanaouza mwili, na vidonda vingi vilikuwa sehemu za siri. Aina hiyo ikavuka mipaka. Tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hatari ya dunia nzima. Mufikirie mtu mwenye kidonda pale chini anayeona haya. Anafunga kitambaa, anarudi nyumbani kwake, analala kwenye mkeka mmoja na watoto. Kwa watoto haihitaji kulala na mtu, inatosha kugusana ngozi na nguo. Kwa hiyo ukiwa na kidonda, sema kidonda, na sema umetoka wapi. "Nimetoka Kamituga wiki jana" ni maneno ya maana sana kwenye fishi.

Nimefika kwenye sehemu nzito. Nitaongea polepole, na anayetaka kutoka nje atoke, hakuna atakayemtazama.

Tulikimbia kwa miguu msituni. Kuna waliokamatwa. Kuna mama, kuna wasichana, na kuna papa pia, ndiyo, wanaume pia, ingawa hilo ndilo linalofichwa zaidi. Sheria yetu ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2006 inahesabu kubaka hata kama aliyefanyiwa ni mwanaume.

Mbele ya munganga hupashwi kusimulia yote. Hatakuuliza walikuwa na nguo gani, wala walikuwa wangapi kwa ajili ya kujua tu. "Nilifanyiwa kwa nguvu" inatosha kuanza. Karatasi ya polisi haihitajiki ili utibiwe, na dawa zile ni bure. Ikiwa imetokea sasa, fika kabla ya saa 72, yaani siku 3: kuna dawa za kuzuia virusi vya sida zisishike, zinamezwa siku 28. Kuna ya kuzuia mimba, inafaa zaidi ukiwahi, mwisho wake siku 5. Kuna za magonjwa mengine, kuna chanjo ya pepopunda na ya hepatiti B. Usioge kwanza ukiweza, lakini kama umeoga, njoo tu. Kama siku 3 zimepita, njoo tu. Kama ni mwaka umepita, kama ni miaka 15, njoo.

Nasema miaka 15 kwa sababu nimeona mama aliyekaa muda kama huo akivuja mkojo. Alitengwa, alikuwa analala jikoni. Alidhani ni laana. Lile ni tundu, linaitwa fistula. Linatokana na uzazi uliokwama muda mrefu, na linaweza kutokana na ubakaji. Linashonwa kwa operasyon. Hospitali ya Panzi, Bukavu, ilianza mwaka 1999, na munganga wake Denis Mukwege alipewa zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2018 kwa kazi hiyo ya kutunza waliobakwa. Kuna mara wanganga wanakuja kushona karibu zaidi, na zoni ya afya inatangaza. Yule mama alichelewa kwa sababu kila mara alipokwenda kituoni alisema "kiuno".

Papa mmoja aliniuliza kabla hatujaanza: nikisema yote hayo, si nitaitwa mwasherati? Nilimjibu, kwa munganga utaitwa mgonjwa, basi. Akacheka, lakini sijui kama aliridhika. Nitamtafuta tena.

Nimalize, naona watoto wamechoka. Mama infirmie mmoja, si wa hapa Kampene, hana ndugu kati yenu, amekubali kuja nami. Amekaa kwenye kile chumba nyuma ya ukumbi, mlango unafungwa. Sasa nimeongea na Mzee Prezida: chumvi na sabuni za mwezi huu zitagawiwa humo ndani, mtu mmoja mmoja. Kila mtu ataingia, kila mtu atakaa dakika tano kwa saa, hata asiyekuwa na neno. Asiyekuwa na neno akae, ahesabu sabuni zake. Aliye nalo aliseme la kwanza, kabla ya kupokea chumvi. Wazee muanze, kisha mama wenye watoto mgongoni.